Mchoraji wa sura afanyeje wazo linapokauka?

Vijana wanaochora sura za watu kwa kompyuta katika mitaa kama Soweto West, Kibera, huifahamu adha ya mkono kugoma. Mara nyingi kinachokosekana si kipaji. Jicho limeutangulia mkono: mchoraji huona kasoro asizoweza bado kuzirekebisha, akaifuta kazi ambayo ingemlipia kodi ya nyumba.

Dawa ni kuigawa kazi. Kwanza, sura ichorwe kwa kijivu pekee ili mwanga na kivuli vikae sawa. Rangi zifuate katika tabaka jingine. Vivuli vya ngozi nyeusi visitiwe weusi mtupu, kwani hubeba kahawia, zambarau na buluu. Pili, picha igeuzwe kama ionekanavyo kwenye kioo. Kosa lililozoeleka litajitokeza. Tatu, zitengwe dakika 20 za kuchora pua au sikio tu. Krita, programu isiyolipiwa, yatosha kwa hayo yote.

Mfano upo jirani. Otieno Gomba na Otieno Kota walichora mabango ya biashara kabla ya kuanzisha kundi la Maasai Mbili, Kibera, mwaka 2001. Bango la mteja halingoji wazo lishuke. Sharti likamilike ndipo fundi alipwe. Nidhamu hiyo humfaa hata mchoraji wa kompyuta.