Hakuna Betri ya Tochi Yenye mAh 9,900

Katika maduka ya vifaa vya simu ya Jinja, na vivyo hivyo Mbale, kuna betri moja inayouzwa kando ya chaja na spika ambayo wengi wetu tunaitumia bila kulijua jina lake. Ni ya mviringo, nene kuliko ile ya saa ya ukutani, na huvikwa gamba la plastiki la bluu, jekundu au la manjano. Imo ndani ya tochi za kuchaji, redio ndogo, feni za mezani na pawabanki. Mafundi huiita kwa nambari: 18650. Kipenyo chake ni milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho huonyesha kwamba umbo lake ni silinda.

Sasa soma kilichoandikwa kwenye gamba. Mara nyingi utakuta mAh 6,800, au 8,800, au 9,900. Nambari hiyo ni ya uongo, na unaweza kuujua uongo huo kabla hujatoa hata shilingi mfukoni.

mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kuhifadhi. Betri yenye mAh 3,000 inaweza kutoa umeme wa ampea 3 kwa muda wa saa moja, au ampea moja kwa saa tatu. Tangu Sony ilipoingiza sokoni betri za kwanza za lithiamu-ioni mwaka 1991, wanasayansi wamekuwa wakibana chaji zaidi na zaidi ndani ya kopo lilelile, na kazi iliyozaa teknolojia hiyo iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Baada ya miaka yote hiyo, makampuni makubwa kama Panasonic, Samsung SDI na LG yamefikisha 18650 kwenye mAh 3,500 hivi, au kuzidi hapo kidogo. Kama viwanda hivyo, pamoja na maabara na mabilioni yao, havijafika hata 5,000 kwa ukubwa huo, anayekuuzia 9,900 hajavumbua kitu. Amechapa karatasi.

Uzito nao husema. Betri halisi ya aina hii ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi, kwa sababu imejaa: ukanda mrefu wa shaba na mwingine wa alumini, zote zimepakwa kemikali na kuviringishwa pamoja hadi zikajaa kopo. Ukiiweka kwenye mizani ya dijitali ikakupa gramu 30, kuna kitu hakimo. Zimepasuliwa betri feki na kukutwa na kibetri kidogo katikati, na nafasi iliyobaki ikajazwa unga mweupe ili mkono wa mnunuzi udanganyike. Nyingine ni betri halisi zilizotolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizochoka, zikavuliwa gamba kuukuu na kuvishwa jipya linalong'aa. Hizo uzito hauzifichui, maana zilikuwa nzima siku zake. Zimechakaa tu kwa ndani.

Hesabu hiyohiyo inafaa kwa pawabanki. Ikiwa imeandikwa mAh 20,000 na imetengenezwa kwa betri hizi, inahitaji angalau sita zilizo bora kabisa, na sita peke yake ni zaidi ya gramu 270 kabla ya kuhesabu gamba na sakiti. Pawabanki ya 20,000 iliyo nyepesi kama simu haiwezi kuwa na chaji hiyo.

Mtu anaweza kusema, nimeitumia betri ya 9,900 mwaka mzima kwenye tochi na haijanidhuru. Anasema kweli, na hapo ndipo hatari inapojificha. Tochi ya kawaida ya LED huomba umeme kidogo, mara nyingi ampea moja au pungufu. Betri dhaifu hujikokota, huzimika mapema, basi. Kwa mvuvi wa mukene wa Masese anayehitaji taa ziwani usiku kucha hilo ni hasara kubwa, lakini ni hasara ya usiku mmoja. Ichukue betri hiyohiyo uitie kwenye sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana huiita vepu, na mambo hubadilika.

Vepu ni hita. Ndani yake kuna waya mdogo unaopashwa moto haraka ili ugeuze majimaji kuwa mvuke. Vifaa vikubwa, vile vinavyotumia betri ya kutoa na kurudisha, huweza kuwa na waya wenye ukinzani wa omu 0.2. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya 4.2 kwa 0.2, unapata ampea 21. Na joto linalozalishwa ndani ya betri yenyewe huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukizidi mara 20, joto huzidi mara 400. Betri iliyokuwa ikisinzia kwenye tochi sasa inalazimishwa kukimbia.

Hata betri halisi hazilingani katika hili, na wauzaji wachache hulieleza. Aina ya Samsung 25R ina mAh 2,500 tu, lakini inaruhusiwa kutoa ampea 20 mfululizo. Panasonic NCR18650B ina mAh 3,400, ila haikutengenezwa kwa mkondo mkubwa hivyo. Ampea zake hazifiki 7. Kwa teknolojia iliyopo, ukitaka chaji nyingi unapunguza nguvu ya kutoa, na ukitaka nguvu unapunguza chaji. Gamba linaloahidi mAh 5,000 na ampea 40 kwa pamoja limejishtaki lenyewe.

Kinachotokea betri inapozidiwa kinaanzia kwenye utando. Kati ya upande chanya na upande hasi kuna karatasi ya plastiki yenye matundu madogo sana, unene wake kiasi cha theluthi moja ya unywele. Ndiyo ukuta pekee. Joto likifika karibu nyuzi 130 za Selsiasi utando wa polithini huanza kuyeyuka, pande mbili zinagusana, shoti inapiga ndani kwa ndani, na joto hilo huamsha kemikali nyingine zinazotoa joto zaidi. Kuanzia hapo betri haihitaji tena umeme wa nje, inajichoma yenyewe. Majimaji yaliyomo ni ya kuwaka, na chumvi ya lithiamu iliyomo ndani ikikutana na unyevu hutoa asidi ya floridi, sumu inayounguza ngozi na mapafu.

Usidhani hili ni la betri feki peke yake. Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliwaomba wateja warudishe betri milioni 4.1 za kompyuta zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu chembechembe ndogo za chuma zilibaki ndani wakati wa utengenezaji na zingeweza kutoboa utando huo. Ikiwa kiwanda cha Sony kiliteleza, tufikirie karakana isiyo na jina inayovisha betri kuukuu magamba mapya.

Nchini Marekani, ambako vepu zimeenea, watafiti walikadiria majeruhi 2,035 wa milipuko na moto wa vifaa hivyo waliofika idara za dharura za hospitali kati ya 2015 na 2017. Mwaka 2018 mtu mmoja alikufa Florida baada ya kifaa chake kulipuka, na Januari 2019 kijana mmoja wa Texas akafa vivyo hivyo. Umbo la silinda huchangia: ncha zake ndizo dhaifu kuliko ubavu, kwa hiyo betri ikipasuka ndani ya kifaa chembamba huruka kama kombora, na mvutaji ameishika mbele ya mdomo wake. Wengine huungulia mapajani, kwa sababu betri ya akiba ilikaa mfuko mmoja na funguo au sarafu, chuma kikaunganisha ncha chanya na ncha hasi, shoti ikapiga ndani ya suruali.

Hapa Uganda kuna jambo jingine ambalo mnunuzi lazima alijue. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inapiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, sawa na shisha. Vepu inayouzwa huku imepita mfukoni mwa msafiri au kwa magendo. Mimi naiona sheria hiyo ni nzuri, kwani nikotini humfunga kijana mapema na kumwachia kwa shida. Lakini hata asiyekubaliana nami afikirie hili: bidhaa iliyopigwa marufuku haina wa kuikagua. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, haliwezi kuipa alama ya ubora, na aliyeungua hawezi kurudi dukani na risiti kudai haki yake. Ushauri wangu kuhusu betri ya vepu ni mfupi: usinunue, na kama kifaa unacho tayari, usikitie betri ya tochi hata kwa dakika moja.

Betri za tochi, redio na taa ni halali, na tunazihitaji. Hapo ndipo macho yafanye kazi. Nambari inayozidi 3,600, iache. Lakini wajanja wamejifunza. Siku hizi wapo wanaochapa 3,000 na jina la kampuni kubwa. Kwa hiyo shika betri ukaiangalie kwa karibu. Gamba la halisi limebana vizuri, halina mikunjo wala maandishi yaliyopinda, na chini yake, kuzunguka ncha chanya, kuna pete ya kuzuia shoti. Kama kwenye ncha kuna alama za kulehemu, yaani vidoti vilivyokwaruzwa, betri hiyo ilishawahi kuishi ndani ya pakiti nyingine. Iliyovimba au kubonyea, au yenye harufu tamu ya dawa, usiitie hata kwenye chaja.

Na betri halisi? Januari 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwaonya wananchi wasinunue kabisa betri za 18650 zilizo peke yake, kwa kuwa watengenezaji huzikusudia ziwe ndani ya pakiti yenye sakiti ya ulinzi. Kwetu, ambako fundi hutengeneza kila kitu, onyo hilo ni gumu kulifuata neno kwa neno. Njia iliyo karibu zaidi na usalama ni kununua taa au tochi nzima yenye betri yake ndani, kutoka duka linaloandika risiti na kutoa waranti. Taa nyingi nzuri za sola hutumia lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo hustahimili joto zaidi; ina volti 3.2, kwa hiyo isibadilishwe kwa betri ya kawaida ya volti 3.7 wala kuchajiwa kwa chaja ya betri hiyo ya kawaida. Na tochi inayotumia betri ndogo za kuchaji za nikeli, zile za volti 1.2, ni chaguo zuri kwa nyumba yenye watoto.

Kuchaji kufanyike ukiwa macho, juu ya saruji au kigae, mbali na godoro na pazia. Usiunganishe betri moja kwa moja na paneli ya sola bila kidhibiti, maana ikivuka volti 4.2 inaanza kuharibika. Ikianza kutoa sauti ya mvuke au kupata moto mkononi, iachie utoke nje, na usivute moshi wake. Moto wa betri ndogo unaweza kupozwa kwa maji mengi ukiwa mbali.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, nguo zenye majimaji ya betri zivuliwe, kisha apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Jinja au ya Mbale. Asipakwe dawa ya meno, siagi wala yai, na daktari aambiwe wazi kwamba ni betri ya lithiamu, kwa sababu kidonda chaweza kuwa cha moto na cha kemikali kwa wakati mmoja.

Betri iliyokufa isitupwe kwenye taka zinazochomwa nyuma ya nyumba jioni, maana hupasuka motoni, na watoto huwa karibu. Bandika utepe ncha zote mbili, iweke ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, mbali na jiko, hadi umpate mtu anayekusanya taka za kielektroniki.