Mtu wa Pili Mnadani: Maelezo Juu ya Zana za Muuzaji wa Intaneti

Dalali wa mnada wa hadhara watu humsifu kwa sauti yake, lakini sauti ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi yake. Kabla hajafungua kinywa amekwisha kuzipanga bidhaa, amezipa sifa zenye kuvutia bila kuzua uongo wa kumtia hatiani, amechagua saa ya kuanza, na amepima ni kipi kitangulie na kipi kibaki mwisho. Na baada ya kunyamaza bado ana fedha za kupokea, mali ya kukabidhi, daftari la kuandika na ugomvi wa kusuluhisha. Mnada wa intaneti ulipobuniwa, mashine ilichukua sauti peke yake. Kazi nyingine zote zilimrudia mwenye mali, ambaye aghalabu hakuwa na habari kwamba kazi hizo zipo, na katika pengo hilo ndimo zilimozaliwa programu ambazo makala haya yanakusudia kuzieleza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni eBay, soko ambalo Pierre Omidyar, mtunga programu wa San Jose huko California, alilianzisha Septemba 1995 kwa jina la AuctionWeb. Bidhaa ya kwanza kuuzwa ilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyokwisha kuharibika, nayo ikapata mtu wa kuitolea dola 14.83. Katika siku zile za awali soko lenyewe halikugusa mali wala halikuiona; lilitoa ukuta wa kubandika tangazo, saa ya kufunga mnada, na tangu 1996 daftari la watu kupeana sifa na lawama. Kwa mtu mwenye kitu kimoja cha kuuza hayo yalitosha. Kwa mtu mwenye vitu mia nne ghalani, yalikuwa mwanzo wa taabu.

Yafaa kwanza msomaji aielewe kanuni ya mnada wenyewe, kwa sababu fundi asiyeielewa hutengeneza zana ya kumdhuru yule anayemtumikia. Katika eBay mnunuzi hapandishi bei hatua kwa hatua kwa mkono wake, bali huikabidhi mashine kikomo chake kwa siri, na mashine humpandishia dau kwa kadiri inayohitajika tu kumshinda mwenzake. Tuseme saa ya ukutani imeanza kunadiwa kwa dola 5. Mtu wa kwanza ameweka kikomo cha dola 40, wa pili akaja na 30: bei inayoonekana itakuwa dola 31, kwa kuwa mahali hapo kila hatua ni dola moja, na wa kwanza ndiye anayeongoza, ilhali wa pili hajui kama mwenzake amebakiwa na dola moja au na dola elfu. Sekunde kumi kabla ya kufungwa akitokea wa tatu na kikomo cha dola 45, ataichukua saa kwa dola 41. Mshindi, basi, hulipa kikomo cha aliyemfuatia na hatua moja juu yake, wala si kile alichokuwa radhi kukitoa. Hii ndiyo hesabu ambayo William Vickrey, mtaalamu wa uchumi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alikwisha kuichambua tangu 1961, wakati ambapo hakuna aliyeota kuwa itakuja kutumiwa kuuzia sahani kuukuu.

Kwa muuzaji maana yake ni kwamba mali haimtaki mtu mmoja aipendaye sana, inawataka wawili. Mpenzi mmoja, hata awe tajiri namna gani, ataondoka nayo kwa bei ya kuanzia. Rai yangu, baada ya kuzitazama zana hizi kwa muda mrefu, ni kwamba zile zilizofaulu zote zilikuwa zikimtafuta huyo mtu wa pili, hata pale ambapo wabunifu wake walidhani wanafanya kazi nyingine.

Tazama jambo la kichwa cha tangazo. Hadi mwaka 2011 eBay ilimpa muuzaji nafasi ya herufi 55 tu, kisha ikaziongeza kuwa 80, na katika nafasi hiyo finyu ndimo yanamotakiwa kuingia maneno yote ambayo mnunuzi asiyejulikana huenda akayaandika anapotafuta. Herufi moja ikikosewa katika jina la mtengenezaji wa kamera, tangazo huwapotea wote walioliandika jina hilo sawasawa, likabaki kuonekana na yule tu aliyekosea kama alivyokosea muuzaji. Si ajabu kwamba walitokea watu wakabuni programu za kuwawinda wauzaji wa namna hii: mnunuzi huandika neno sahihi, programu huligeuza kuwa makosa yote yanayowezekana ya vidole, na humletea mnada usio na mshindani. Dawa yake upande wa muuzaji ni zana nyepesi ya kulinganisha kila kichwa na orodha ya majina ya watengenezaji, na fundi yeyote chipukizi aweza kuiandika kwa siku chache. Lakini wengi hawaianzi, kwa kuwa haina fahari.

Picha nazo zina kisa chao. Katika miaka ya mwanzo eBay haikuhifadhi picha za wauzaji, na aliyetaka mali yake ionekane ilimlazimu kutafuta mahali pengine pa kuiweka picha, kisha aandike kwa mkono alama za HTML za kuiita kutoka huko. Wafuma mazulia na wakusanya mihuri ya posta walijikuta wanajifunza kazi ya mtunga programu. Kampuni kama AuctionWatch na Andale ziliingia hapo, zikahifadhi picha, zikatoa violezo vya tangazo, na zikampa muuzaji kihesabu cha kujua ni watu wangapi walioufungua ukurasa wake. Kihesabu kilionekana ni pambo, nacho kilikuwa chombo cha hekima kubwa, kwa sababu tangazo lililofunguliwa mara mia mbili bila dau lina ugonjwa wa bei, na lililofunguliwa mara tatu lina ugonjwa wa kichwa. Na magonjwa hayo mawili dawa zake ni mbali mbali.

Sasa tuisogelee zana iliyo moyo wa kazi hii, nayo ni programu ya kupandisha matangazo kwa wingi. Kwa sura ni jedwali tu: kila mstari ni kitu kimoja, na safu zake ni kichwa, maelezo, picha, bei ya kuanzia, muda wa mnada na gharama ya kusafirisha. Muuzaji hulijaza kwa wasaa wake, hata usiku wa manane, na programu huyapeleka matangazo sokoni moja baada ya jingine kwa saa iliyowekwa. Ugumu wa kwanza ni saa. Mnada wa siku saba hufungwa saa ile ile ulipofunguliwa, na muuzaji wa Marekani hupenda ufungwe Jumapili usiku watu wakiwa nyumbani. Lakini saa tatu ya usiku ya New York ni saa kumi na mbili ya jioni huko California, na juu ya hayo Wamarekani husogeza saa zao mbele na nyuma mara mbili kwa mwaka. Programu inayohesabu saa 168 kwa uaminifu itakuta, katika wiki ya mageuzi, kwamba Jumapili ya pili imechelewa au imewahi kwa saa nzima. Ndiyo maana fundi mwenye hadhari huitunza saa moja ya dunia ndani ya hazina yake, na huigeuza kuwa saa ya mji pale tu inapomfikia mtu machoni.

Ugumu wa pili hauonekani hata kidogo, na ndio unaomtenga fundi na mwanafunzi. Programu imetuma amri ya kufungua mnada wa kitu fulani. Kabla jibu halijarudi, mtandao unakatika. Je, soko liliipokea amri au halikuipokea? Programu haina njia ya kujua. Ikinyamaza, huenda kitu hakikupandishwa; ikirudia, huenda kimepandishwa mara mbili, na muuzaji mwenye saa moja ya ukutani atajikuta na washindi wawili, ada mbili, na lawama moja isiyokosekana katika daftari la sifa zake. Suluhisho ambalo eBay yenyewe iliwawekea watunga programu ni nambari ya pekee ya tarakimu na herufi 32, ambayo programu huibandika juu ya kila kitu kabla ya kukituma: amri ikija mara ya pili na nambari ile ile, soko hukataa kufungua mnada mwingine. Vile vile ipo amri ya majaribio, ambayo hulikagua tangazo na kurudisha hesabu ya ada bila ya kulitangaza, na muuzaji akaujua mzigo kabla hajautwaa. Katika zana nzima sijaona sehemu zenye manufaa kama hizi mbili, wala sijaona zilizotajwa kwa uchache zaidi katika matangazo ya wanaoziuza.

Tukitoka kwenye tangazo na kuingia kwenye malipo, tunaona kwamba mbunifu hawachagui wateja wake siku zote. Waliounda PayPal mwishoni mwa miaka ya 1990 walikusudia watu warushiane fedha kwa vikompyuta vya mkononi. Waliokuja kuidaka ni wauzaji wa minada, waliochoka kungoja hundi za posta, wakaanza kuibandika nembo yake katika matangazo yao. eBay ilikuwa na chombo chake cha malipo, Billpoint, ilichokinunua 1999, lakini wauzaji hawakukielekea, na mwaka 2002 ilikubali kuinunua PayPal kwa dola bilioni 1.5 za hisa.

Si kila mbunifu aliyepata bahati hiyo, na hapa tunafika penye uchungu wa kazi. Anayeijua Mombasa anaijua nyumba isiyo na ardhi: kuta ni zako na paa ni lako, ila kiwanja ni cha mtu mwingine, nawe unamlipa kodi yake na unakaa kwa ridhaa yake. Mwenye kubuni zana za mnada amejenga vivyo hivyo. Mwanzoni programu nyingi ziliingia sokoni bila hodi, zikizisoma kurasa kama azisomavyo mtu na kuyachota yaliyomo, na siku ukurasa ulipobadilishwa rangi na mpangilio, programu ilipofuka. Kampuni ya Bidder's Edge, iliyokusanya minada ya masoko mengi mahali pamoja ili wanunuzi wailinganishe, ilikuwa ikiigonga eBay mara zipatazo 100,000 kwa siku. Na tarehe 24 Mei 2000 Hakimu Ronald Whyte wa mahakama ya shirikisho ya California aliizuia, kwa kutegemea kanuni kongwe ya sheria ya Kiingereza inayomlinda mtu dhidi ya anayeingilia mali yake inayohamishika, kana kwamba seva ni punda wa jirani aliyepandwa bila ruhusa.

Mwaka ule ule eBay ilifungua mlango wa halali, yaani API, njia ambayo programu huzungumza na soko kwa amri zilizoandikwa na kukubaliwa, na mwaka 2005 ikaondoa ada ya kupita mlango huo. Tangu hapo ubunifu ulishamiri, lakini kiwanja kilibaki na mwenyewe. Mwaka 2008 soko lilipoamua kwamba muuzaji asiweze tena kumwandikia mnunuzi sifa mbaya, programu zilizokuwa zikishikilia sifa njema za mnunuzi mpaka yeye atangulie kutoa zake zilipoteza silaha yao yote. Mwaka 2017 lilipopiga marufuku maandishi ya JavaScript ndani ya maelezo ya bidhaa, violezo vingi vya fahari vilinyamaza. Na zana iliyofana sana aghalabu hununuliwa: AuctionWatch, iliyokwisha kujiita Vendio, pamoja na mwenzake Auctiva, zote zilichukuliwa na Alibaba ya China mwaka 2010; Terapeak, iliyowaonyesha wauzaji bei halisi zilizopatikana katika minada iliyopita, ilinunuliwa na eBay yenyewe mwaka 2017 na kuingizwa katika zana zake.

Mnada nao umepungukiwa na wapenzi. Tangu eBay ilipoanza mwaka 2000 kumruhusu mnunuzi kuichukua mali papo hapo kwa bei iliyotajwa, wengi wameonelea ni afadhali kulipa na kuondoka kuliko kungoja siku saba, na sehemu kubwa ya biashara ya soko hilo leo ni ya bei maalumu. Mnada umebaki na vitu ambavyo hakuna anayeijua bei yake mpaka watu wawili washindane: sarafu za kale, kadi za wachezaji, saa za mkono zilizokwisha kutoka viwandani. Muuzaji wa vitu hivyo siku hizi huviweka pia katika duka lake la intaneti na pengine katika masoko mengine mawili, na fundi huombwa zana ya kuilinganisha hesabu ya ghala mahali pote kwa dakika chache. Kwa bidhaa zilizo nyingi za aina moja zana hiyo inatosha. Kwa kitu cha pekee haitoshi, kwa sababu mnada ukishapata dau muuzaji amekwisha kujifunga kwa ahadi, na dakika chache za kuchelewa zatosha kukiuza dukani kitu ambacho watu wawili wanakigombania mnadani. Ninayemwandikia programu ya namna hiyo mimi humwekea sharti moja asiloweza kulizima: kitu cha pekee kikiingia mnadani, programu hukitoa dukani kwanza, hungoja duka lithibitishe kuwa limekitoa, ndipo huufungua mnada, na duka lisipojibu, mnada haufunguliwi.