Natron: Ziwa linalochoma na kulea

Mwambie mtu kuna ndege anayekula akiwa amepindua kichwa, utosi chini na kidevu juu. Anayeanguliwa akiwa wa kijivu, kisha chakula chake kikamgeuza rangi ya waridi. Na anayetaga katikati ya ziwa la magadi. Atacheka. Na acheke, maana ndege huyo yupo. Ni heroe mdogo, ambaye wengi humwita flamingo, na inakadiriwa kuwa robo tatu ya jamii yake duniani huzaliwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania.

Magadi ya Natron ni ya aina ile ile tunayotia kwenye maharage yaive upesi, ila huku ni ziwa zima. Mito huingia, hakuna unaotoka. Jua hunyonya maji na kuacha ukali. Maji hayo huchoma ngozi, na tope lake likipigwa na jua huwa la moto kweli kweli. Fisi na mbweha hawathubutu kulivuka. Heroe, mwenye miguu ya ngozi ngumu, huingia humo, akafinyanga kichuguu cha tope, akataga yai moja na kulea kwa amani. Ukali unaowafukuza adui ndio ukuta wa kifaranga.

Kusini mwa ziwa umesimama Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Lava yake hutoka nyeusi, na joto lake, nyuzi 500 hadi 600, ni kama nusu ya lile la volkano nyingine. Ikishapoa, haipiti muda mrefu inageuka nyeupe.

Anayecheka mbele ya mambo haya hamdhihaki Muumba; anakiri kwamba akili yake ina mwisho. Sisi huipima neema kwa ulaini: maji matamu, udongo mweusi, njia nyepesi. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Natron inakwenda mbali zaidi: faraja yaweza kukaa ndani ya dhiki yenyewe.

Bonde la Natron limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2001. Miaka michache baadaye lilikuja pendekezo la kujenga kiwanda cha magadi, na wahifadhi wakalipinga. Walifanya vyema. Kila tunapoambiwa ziwa hili ni chumvi tupu isiyo na kazi, tukatae, na tuwafundishe watoto wetu kukataa.