Tawi lako la Git lilianzia wapi? Swali hili nusura linikoseshe kodi

Msee, kama unaunda programu kwa Git, hebu jiulize: tawi lako lilianzia wapi? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hili sikufunzwa na mwalimu. Nilifunzwa na kodi ya nyumba.

Nilipewa kibarua cha kuongeza sehemu ya malipo kwenye tovuti ya biashara fulani. Nikafungua tawi, nikaliita malipo, nikakesha nalo miezi miwili. Shida ni kwamba mimi na jamaa aliyenitangulia tulitumia jina moja, la biashara. Siku ya kulipwa, mteja akaniambia: "Boss, fundi wangu anasema tawi lako lina wiki moja tu. Hiyo kazi nyingine si ya yule wa kwanza?"

Nilichoka.

Fundi alikuwa ametumia amri ya git merge-base main malipo. Amri hiyo haitafuti siku ya kuzaliwa. Inatafuta komiti ya karibu zaidi ambayo matawi yote mawili yanayo. Nami nilikuwa nikiingiza mabadiliko ya main kwenye tawi langu kila mara, na kila nikiyaingiza, komiti hiyo inasogea mbele. Mara ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita. Ndiyo hiyo wiki yake moja!

Ukweli ni kwamba tawi la Git ni kibandiko tu. Linashika komiti ya mwisho, ukiongeza kazi linasonga. Halikumbuki lilikozaliwa.

Kilichoniokoa ni git reflog show --date=iso malipo. Nikashuka hadi mstari wa chini kabisa: tawi limeanzishwa kutoka main, tarehe na saa zipo. Nikampigia picha, nikamtumia. Jioni hela zikaingia.

Lakini usijiamini sana. Rekodi hiyo hukaa kwenye mashine uliyofungulia tawi pekee, haiendi mtandaoni na kazi yako. Tena kwa kawaida Git huanza kuifuta baada ya siku 90. Ningekuwa nimeuza laptopu yangu, kwisha mimi.

Siku hizi nikifungua tawi tu, naandika git tag mwanzo-malipo, kisha git push origin mwanzo-malipo. Alama hiyo haisongi. Sekunde chache, na mtu akiniuliza nilianzia wapi, namwonyesha.