Urithi wa Nachingwea na Ruangwa: Makumbusho ya Jamii ni Nini, na Yanawahusu Vipi Watu Weusi wa Marekani na Karibi

Farm 17, wilayani Nachingwea, mkoani Lindi, ni eneo lenye jina la Kiingereza na historia ya Kiafrika. Jina ni mabaki ya mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango huo ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka pwani hadi Nachingwea nayo ilifungwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Katika muongo huohuo wa 1960, ardhi iliyoshindwa kutoa karanga ilipewa kazi nyingine: ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962 kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno.

Kambi hiyo ndiyo sababu Nachingwea imo katika Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, ambayo Shirika la UNESCO liliiridhia mwaka 2005 na ambayo uratibu wake umewekwa Tanzania. Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, alikuwa miongoni mwa viongozi waliojenga jeshi lao hapo. Kuanzia vita vilipofunguliwa tarehe 25 Septemba 1964, ukanda wa kusini mwa nchi, unaojumuisha Ruangwa na Nachingwea za leo, ulikuwa nyuma tu ya mstari wa mapambano, ukipokea wakimbizi na kupitisha mahitaji ya wapiganaji.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mapambano hayo yalifuatiliwa kwa karibu ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1971 mwanaharakati Mmarekani Mweusi, Owusu Sadaukai, alifika Tanzania na kuvuka pamoja na wapiganaji wa FRELIMO hadi maeneo yaliyokombolewa. Alipouliza namna watu wake wanavyoweza kusaidia, jibu alilopata halikuwa kuomba askari. Aliambiwa arudi akaubane utawala wa nchi yake mwenyewe. Tarehe 27 Mei 1972 maelfu ya watu weusi waliandamana mjini Washington katika Siku ya Ukombozi wa Afrika. Mwaka huohuo mwanasheria Robert Van Lierop wa New York alitoa filamu aliyoipiga ndani ya Msumbiji akiwa na FRELIMO, ikaoneshwa katika makanisa, vyuo na kumbi za mitaa ya Marekani.

Kutoka upande wa Karibi, jina linalotajwa kwanza ni la Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa London na Dar es Salaam mwaka 1972. Juni 1974, chuo hichohicho kilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, wa kwanza wa mfululizo huo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wajumbe kutoka Marekani na Karibi walikaa ukumbi mmoja na wawakilishi wa vyama vya ukombozi, FRELIMO ikiwemo, wakati utawala wa Ureno ulipokuwa tayari umepinduliwa mjini Lisbon na uhuru wa Msumbiji ukisubiri kukabidhiwa.

Mafungamano haya ya kisiasa yana ushahidi. Undugu wa damu ni suala jingine, na hapa tahadhari inahitajika. Watu wengi mno waliopelekwa utumwani Marekani na Karibi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati. Mateka wa nyanda za kusini mwa Tanzania walipitishwa zaidi Kilwa Kivinje kwenda Zanzibar, Arabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Hata hivyo, meli nyingine zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Moja ni São José, iliyoondoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikiwa na mateka zaidi ya 400 waliokusudiwa kuuzwa Brazili. Ilizama karibu na Cape Town tarehe 27 ya mwezi huo. Takriban nusu ya mateka walikufa maji na walionusurika wakauzwa hapohapo. Vyuma vilivyobebwa kuipa meli uzito vimeoneshwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa Washington Septemba 2016. Mwaka 2015, udongo ulioletwa kutoka kwa jamii ya Wamakua wa Msumbiji ulimwagwa mahali meli ilipozama. Wamakua wanaishi pia Nachingwea na Masasi, na si ajabu mwanafunzi wa huko akauliza kwa nini habari hii haimo katika makumbusho yoyote ya karibu naye.

Makumbusho ya Washington yana somo jingine. Yalipoanza kupangwa hayakuwa na mkusanyo wa vitu. Wahusika walizunguka miji ya nchi wakiwaalika wananchi kuleta mali za familia, barua, nguo, picha na vyombo, ili wataalamu wawaeleze thamani yake na namna ya kuvitunza, na baadhi vikatolewa kwa hiari. Katika mji huohuo, makumbusho ya jamii ya Anacostia yalikuwa yamefunguliwa tangu mwaka 1967 katika jengo lililokuwa sinema ya mtaa. Hicho ndicho kinachoyatofautisha makumbusho ya jamii na ya taifa: wenyeji ndio wanaoamua kipi kikusanywe na kisimuliweje, na mara nyingi jengo ni lile lililopo tayari.

Kwa Nachingwea na Ruangwa, suala hili lina upande wa kisheria ambao wananchi wengi hawaujui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Kambi ya miaka ya 1960 haimo katika ukomo huo. Wala hazimo nyumba za mpango wa karanga, wala sare na picha za mpiganaji. Ili vilindwe, Waziri mwenye dhamana hana budi kuvitangaza rasmi. Kabla ya hapo, bati la jengo la kambi linaweza kuezuliwa na sheria hiyo isiguswe.

Kumbukumbu za mdomo hazina hata ulinzi huo wa kutangazwa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza mwaka 1964 sasa amepita 80. Kwa sababu hiyo, wilaya inayotaka makumbusho ya jamii haipaswi kuanza na ramani ya jengo. Kurekodi wazee, kwa Kimwera, Kimakua, Kiyao au Kiswahili, hakusubiri bajeti ya ujenzi. Kunahitaji simu yenye nafasi ya kutosha, idhini ya msimulizi, na daftari linaloonesha nani alisema nini, wapi na tarehe gani. Bila daftari hilo, sauti mia moja ni kelele tu kwa mtafiti atakayekuja baadaye.

Mwananchi mwenye picha, barua au kifaa cha kipindi hicho anaweza kuanzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yake. Kukabidhi kitu cha asili si lazima. Nakala ya picha iliyoandikwa majina ya waliomo inatosha, na umiliki hubaki kwa familia. Anayefukua kitu cha kale shambani anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka na kukiacha mahali kilipo, kwani kuchimba maeneo ya kale bila leseni, au kusafirisha mali za kale nje ya nchi bila kibali, ni kosa. Mabomu na risasi visiguswe kabisa. Hivyo taarifa yake ni kwa Polisi, siku hiyohiyo.