Sifongo mbichi na kitambaa cha mafuta: usivifunge katika mfuko

Ndugu mtumishi, na wewe mama uliye nyumbani, leo tunasema nanyi juu ya kitu ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa hatari: sifongo na vitambaa vya kung'arishia motokari. Utatujibu: hiyo si baruti, wala si shimo la mgodi. Ni kweli. Lakini pita katika garaji jioni, kazi ikiisha. Sifongo ziko wapi? Ziko katika ndoo, moja juu ya nyingine, zingali na maji na dawa. Na vitambaa? Vimeshindiliwa katika mfuko wa simenti uliokwisha kazi, na mfuko umewekwa nyuma ya mlango, jirani na bidoni ya esansi. Kisha mlango unafungwa kwa kufuli na kila mtu anakwenda kwake.

Hapa kuna mambo mawili, na usiyachanganye. Sifongo iliyofuliwa kwa maji inataka kukauka, la sivyo inaoza na kuharibu kazi. Kitambaa chenye mafuta fulani kinaweza kuwaka moto bila mtu kukigusa. Tuanze na la pili, kwa sababu ndilo linaloua.

KITAMBAA KINACHOJIWASHA

Wengi wanadhani moto hauji bila kiberiti, sigara au waya mbovu wa umeme. Sivyo. Kuna mafuta ambayo hayakauki kama maji. Maji yanakwenda hewani na kwisha. Mafuta hayo yanavuta oksijeni ya hewa, yanaungana nayo na kugeuka ngozi ngumu. Kazi hiyo inatoa joto. Ukitandaza kitambaa kwenye kamba, joto linaondoka na upepo, wala hutalisikia. Ukikikunja na kukishindilia pamoja na vingine kumi, joto linabaki katikati ya fungu. Joto likizidi, mafuta yanavuta oksijeni kwa haraka zaidi, na joto linaongezeka tena. Baada ya saa kadhaa moshi unatoka, kisha moto. Mara nyingi ni usiku, wakati hakuna mtu.

Mafuta ya kitani ndiyo mabaya kuliko yote. Maseremala wanayapaka juu ya meza na viti, na yamo katika rangi na vanishi nyingi. Mafuta ya soya na ya alizeti nayo yana tabia hiyo kwa kiasi. Mawese yetu ni mapole zaidi katika jambo hili. Mazutu na mafuta ya injini kwa kawaida hayajiwashi namna hiyo, lakini usifurahi upesi: cheche moja ikiyapata, kitambaa chake kinawaka kama utambi wa taa. Tena katika garaji nani anayetenga vitambaa? Kile kile kilichofuta vanishi asubuhi kinafuta injini mchana, na jioni vyote vinalala katika mfuko mmoja. Dawa za kung'arishia nazo hazifanani. Soma maandishi ya kopo, na kama kopo halina maandishi tena, kitendee kitambaa chake kama cha mafuta ya kitani.

Haya si hadithi za kutisha watoto. Tarehe 23 Februari 1991, katika mji wa Philadelphia, Marekani, moto ulianza katika jengo la ghorofa 38 lililoitwa One Meridian Plaza. Mafundi walikuwa wakitengeneza mbao za ukutani kwenye ghorofa ya 22, wakaacha vitambaa vyenye mafuta ya kitani. Vitambaa vikajiwasha jioni ya Jumamosi. Moto ulidumu zaidi ya saa 18, ukala ghorofa nane, na wazima moto watatu wakafa. Ulizimika ulipofika ghorofa ya 30, kwa kuwa huko kulikuwa na mabomba yanayojifungua yenyewe kumwaga maji. Nyumba ya kambi haina mabomba hayo. Ina dirisha moja, mlango mmoja, na watoto wamelala.

Ndiyo sababu tunamwambia baba anayeng'arisha motokari za watu siku ya mapumziko ili kuongeza posho: pesa hiyo ni halali, lakini mfuko wa vitambaa usiingie chumbani, usikae chini ya kitanda, wala karibu na mbabula. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mbali na ukuta na mbali na watoto, mpaka vikauke na kuwa vigumu. Au vitie katika kopo la chuma lenye maji, vizame kabisa, ufunike kwa kifuniko cha chuma. Katika garaji ya kampuni ni kazi ya shefu wa ekipi kuweka pipa la chuma lenye kifuniko kinachojifunga, nalo linamwagwa kila jioni. Kila jioni, tunasema, si kila mwisho wa juma.

SASA SIFONGO

Sifongo ya kung'arishia inauzwa ghali, na anayeitunza vizuri anafanya nayo kazi muda mrefu. Hapa Lubudi ina maadui wawili. Wa kwanza ni vumbi. Mji huu ulijengwa juu ya mawe ya chokaa na simenti. Ongeza udongo mwekundu wa barabara wakati wa kiangazi. Vumbi la simenti likiingia katika sifongo yenye maji, linaganda ndani, na kesho yake ile sifongo inakwaruza rangi ya motokari kama msasa. Mwenye motokari hatauliza habari za vumbi. Atauliza nani alipe.

Adui wa pili ni mvua. Toka Novemba mpaka Machi hewa ni nzito, na sifongo nene inaweza kukaa siku mbili haijakauka katikati. Ukiifunga hivyo katika plastiki, ukungu unaota na harufu inatoka. Mtu mwenye pumu akiizungusha kwenye mashine, anavuta ukungu ule kifuani.

Fanya hivi. Fua sifongo mara kazi inapokwisha, kabla dawa haijakauka, kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Ikamue kwa kuibana kati ya viganja. Usiipinde kama nguo, gundi yake itaachia. Suuza mpaka maji yatoke safi, kwa maana maji ya nchi ya chokaa huacha sabuni nyeupe ndani. Kisha ilaze juu ya waya au kitambaa safi, upande wa kung'arishia ukitazama chini, ili maji yasiteremkie kwenye gundi. Iwe kivulini penye upepo. Jua kali linaidhoofisha, na joto la mbabula linayeyusha gundi. Juu ya moto hatutaki hata kusikia: sifongo za siku hizi ni plastiki, na zikiungua hutoa moshi wenye kaboni monoksidi na sianidi. Moshi huo unamwangusha mtu kabla mwali haujamfikia.

Ikikauka, ibane juu ya karatasi. Karatasi ikipata unyevu, bado. Ikiwa kavu kabisa, itie katika sanduku safi lenye kifuniko, ya dawa kali mbali na ya dawa laini. Iliyoingia mafuta yasiyotoka kwa sabuni haina ruhusa katika sanduku. Njia yake ni lile pipa la chuma. Na unapoisafisha kwa burashi kwenye mashine, vaa miwani na barakoa, kwani unga unaoruka una chembe ngumu zilizotengenezwa kwa kukata rangi.

Mama, wewe ndiwe unayebaki nyumbani. Ukisikia harufu kali kama ya mafuta ya kukaanga yaliyoungua, na hujapika, tafuta mfuko wa vitambaa. Ukiukuta una joto, usiufungue ndani ya nyumba. Hewa ikiingia, mwali unatoka. Toa watoto kwanza. Kama hauna moshi bado, usukume nje kwa koleo au jembe, umwagie ndoo za maji mpaka ujae, uuache nje usiku wote. Kama moshi umekwisha kujaa chumba, usiingie tena. Funga mlango, ita majirani.