Matone ya polio: uliza, lakini usichelewe

Je, mwanao amemaliza matone ya polio? Agosti 2015 maaskofu wa Kikatoliki nchini Kenya waliwataka wazazi wasusie kampeni ya chanjo hiyo hadi dawa ipimwe. Serikali ikasisitiza ni salama. Kuuliza si kosa.

Lakini mzazi wa Hewani, karibu na Garsen, ana sababu ya kuharakisha. Virusi hivi hutoka na kinyesi, huenezwa na maji machafu, na Mto Tana hufurika. Mwaka 2013 polio ilizuka Dadaab, katika kaunti jirani ya Garissa. Waliougua nchini walikuwa 14. Mguu ukishapooza, hakuna dawa ya kuurudisha.

Matone hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14. Umepitisha tarehe? Nenda kliniki na kadi yake, haanzi upya.